Mzazi Asiye na Mama Karibu



Mwezi huu tuzungumze juu ya maradhi yasiyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Miaka michache iliyopita mama mmoja kijana alifika kwetu mara tatu katika wiki moja. Mara ya kwanza alisema mtoto ana mafua. Tukamtazama, hana kitu. Mara ya pili kitovu. Mara ya tatu kichwa kilimuuma yeye mwenyewe, tukampa panado na kumwita anayefuata. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Sista, leo ninyi ndio wa kwanza kunisemesha." Tuliona haya. Mara zote tulimpima mtoto uzito, wala hatukumwuliza mama anaishi na nani.

Alikuwa mtu wa Mbeya. Mumewe alipata kazi hotelini Nungwi, akawa anarudi siku moja kwa wiki, na yeye akabaki katika chumba cha kupanga ghorofani, hapa Mji Mkongwe. Kwao angekuwa na mama na shangazi wa kumpikia na kumwogeshea mtoto. Hapa alikuwa na simu. Kila usiku alizungumza na mama yake hadi salio likaisha, lakini simu haiwezi kumpakata mtoto wakati mama anaoga.

Wengi wetu tuliotoka bara tunakijua chumba hicho. Mazungumzo ya barazani yanapanda hadi dirishani, na bado huna wa kumwambia kwamba hukulala. Wala si kudeka. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na sonona.

Tulimshauri asingoje kutembelewa, bali aende akaombe. Si fedha. Amwombe jirani amfundishe kupika uji wa pilipili manga ambao wazazi wa hapa hunyweshwa. Akasita. "Wao ni Waislamu, sista, nami wananiona naenda kanisani. Labda hawanitaki." Tukamwuliza kama amewahi kupiga hodi. Hajawahi. Na jirani naye pengine alikuwa akijiuliza kwa nini mgeni huyu hufunga mlango mchana kutwa.

Alikwenda saa kumi alasiri, wakati kazi za jikoni zimepungua. Akamwamkia mama mtu mzima wa nyumba ya chini, "Shikamoo, bi mkubwa," akaeleza shida yake. Bi mkubwa hakufundisha kitu. Alisema, "Lete mtoto, mwanangu, nenda kaoge." Kesho yake ukaja uji. Nasi tukamkumbusha kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata ndizi mbili zinatosha.

(Neno la kinesi hapa: wenyeji humkanda mzazi kwa maji ya moto. Mgongo na miguu, sawa, ila maji yasiunguze. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo. Unaweza kukataa kwa upole na jirani akabaki jirani.)

Upatu nao hukutanisha wanawake kila wiki, ila anza na kiasi ambacho hata kikipotea hamtalala njaa. Na kanisani usikae benchi la nyuma ukatoka kabla ya matangazo. Omba kazi, hata ya kufua vitambaa vya altare, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka wenyewe. Ukiona aibu, mkumbuke Mary Sumner, mke wa mchungaji huko Uingereza, aliyeanzisha Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana mwaka 1876. Binti yake alikuwa amejifungua, naye akakumbuka jinsi uzazi wa kwanza ulivyomwelemea yeye mwenyewe. Akawaita akina mama nyumbani kwake, na walipofika woga ukamshika, akashindwa kusema. Akawaomba warudi wiki ya pili.

Lakini tusichanganye mambo. Mzazi akiwa na huzuni zaidi ya wiki mbili, akikosa usingizi hata mtoto anapolala, hamtaki mtoto, hayo hayaponi kwa uji. Ni ugonjwa, una matibabu, aende hospitali na asindikizwe. Na akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo wala asiachwe peke yake. Mume aambiwe pia, arudi, hata kama hoteli imejaa wageni.

Yule wa Mbeya alirudi kwetu kwa chanjo ya miezi 18. Alikuja na bi mkubwa wa nyumba ya chini, wakibishana nani amshike mtoto wakati wa sindano.