Barakoa Si Unafiki

Kuna sentensi moja imenichosha. Naikuta kwenye riwaya, kwenye mashairi ya mitandaoni, kwenye tahakiki, hata kwenye hotuba za uzinduzi wa vitabu: fulani "amevua barakoa". Maana yake tapeli amejulikana, mume mwema kageuka chui, mwanasiasa kaonyesha sura yake halisi. Kwa waandishi wetu barakoa imekuwa uongo unaovaliwa usoni. Tulikuwa na ngozi ya kondoo, ikatutosha miaka na miaka. Sasa tumepata neno jipya na tunalitumia mpaka linachakaa.

Nina ugomvi na sentensi hiyo, na si ugomvi wa mtindo. Neno tunalolichafua kitabuni ndilo mgonjwa anatakiwa alivae kwenye daladala.

Tuanze na neno lenyewe, maana wengi wanadhani lilizaliwa 2020. Hapana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo, nalo lina asili ya Kiarabu. Lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa daraja la juu, hasa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyekuja kuitwa Emily Ruete, anakizungumzia kifuniko hicho katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwanamke aliyekivaa hakuulizwa anaficha nini. Ilikuwa stara, tena stara ya wakubwa. Sizitamani zama zile. Zilikuwa zama za usultani na utumwa, na vazi lilitenganisha bibi na mjakazi. Lakini ushahidi upo: Kiswahili kiliwahi kuwa na uso uliofunikwa bila shutuma yoyote. Hii habari ya "kuvua barakoa" kwa maana ya kuumbuliwa, kwa maoni yangu, imetujia kwa mlango wa tafsiri. Wazungu humvua mnafiki kinyago, nasi tukanakili, tukaweka neno lililokuwa karibu.

Sasa toka nje ya kitabu, ingia mtaani. Vaa barakoa leo kwa sababu una kikohozi, panda gari la Mbagala uone. Wa kwanza atasogea. Wa pili atauliza, "Kwani ile kitu imerudi?" Wa tatu atacheka na kusema unajifanya daktari. Yule anayekohoa waziwazi, mdomo wazi, mate yanaruka hadi kwenye kiti cha mbele, huyo hana anayemuuliza. Eti mwenye kujifunika ndiye wa kuogopwa, na mwenye kutumwagia ndiye mwenzetu! Hesabu hii imepinduka wapi?

Ilipinduka serikalini kwanza. Kenya, Aprili 2020, walilazimisha barakoa mahali pa umma, faini hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Watu wakajifunza kuivaa kidevuni, wakaipandisha wakimwona polisi, wakaishusha akishapita. Huku kwetu Tanzania mambo yakaenda kinyume. Takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509, ikafika Juni 2020 tukaambiwa ugonjwa umeondoka kwa maombi. Kuanzia hapo mwenye barakoa akaonekana mtu wa imani haba, au mpinzani. Aprili 2021 Rais Samia alipounda kamati ya wataalamu, mwenyewe akionekana hadharani na barakoa, wapo waliosoma hata kitambaa kile kama tamko la siasa. Nchi mbili, sera mbili zinazopingana, somo moja: barakoa ni kitu cha serikali. Serikali ikilegeza, tunaitupa. Hakuna aliyetufundisha kwamba ni jambo kati yangu na jirani niliyekaa naye.

Hapo ndipo nasikia jibu la haraka: "Huo si utamaduni wetu. Ni mambo ya Wajapani." Haya, twende Japani. Wajapani hawakuzaliwa na barakoa. Desturi yao ilishika mizizi wakati wa homa kali ya mafua ya 1918 hadi 1920, ikaongezewa nguvu na magonjwa yaliyofuata na mzio wa chavua za miti. Yaani imejengwa, na imejengwa ndani ya miaka mia moja hivi. Wakati wa Korona hawakuweka sheria ya kumtoza faini asiyevaa. Walishauriwa, na wengi walivaa. Simpambi mtu: macho ya jirani wa Kijapani nayo ni mazito kama sheria. Ila mkohozi wao akijifunika, wenzake humwona mstaarabu.

Na wala msidhani watu wa Magharibi walikuwa na hekima zaidi. Mwaka 1919 huko San Francisco watu waliunda umoja wa kupinga barakoa. Miaka michache nyuma, tauni ya mapafu ilipoingia Manchuria mwishoni mwa 1910, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alisisitiza barakoa za pamba na shashi. Daktari wa Kifaransa, Gérald Mesny, alimdharau, akawahudumia wagonjwa uso wazi. Akafa siku chache baadaye. Kiburi cha uso wazi hakina kabila.

Nirudi nyumbani, kwenye neno dogo linalotuua: "tu". "Mafua tu." "Kikohozi tu, cha vumbi." Kwa "tu" hiyo tunakwenda kumshika mtoto mchanga wa siku saba. Kwa "tu" hiyo tunaingia wodini na chupa ya uji, tunamwinamia mgonjwa, tunamkoholea. Mama mdogo wangu alipokuwa kwenye dawa za saratani, daktari alimwambia waziwazi kwamba kinga yake imeshuka na mafua ya mtu mwingine yanaweza kumlaza. Wageni walikuja kwa upendo, kila jioni, wengine wakipenga kamasi kwenye leso. Tulinunua boksi la barakoa, tukaliweka mlangoni. Shemeji mmoja alinuna: "Kwani tumekuja kwa mgonjwa au kwa mwizi?" Hakuingia. Mama mdogo ndiye aliyeomba radhi, kwa simu, akiwa kitandani. Mgonjwa anaomba radhi kwa kutaka kuishi!

Namfahamu pia kijana aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Kliniki alipewa barakoa na kuelezwa kwa nini: ugonjwa ule husafiri hewani, na barakoa ya anayekohoa huzuia matone yake pale pale yanapotokea. Alikuwa anaivua getini, kabla hajakanyaga barabara, majirani wasimwone. Wiki zile za mwanzo, ambazo dawa zilikuwa bado hazijafanya kazi vizuri, ndizo alizopanda gari uso wazi. Nani wa kulaumiwa? Mimi silaumu kijana. Nalaumu macho yaliyokuwa yanamsubiri nje ya geti, na nalaumu sisi tulioyafundisha macho hayo kwamba aliyefunika uso ana jambo.

Hoja za upande wa pili nazijua, na baadhi ni za kweli. Joto la Dar mwezi wa pili halina mchezo. Barakoa ni hela, na ya kitambaa haizuii kama ya hospitali. Kiziwi anayesoma midomo anakosa nusu ya mazungumzo. Salamu zetu zinataka uso, zinataka tabasamu. Sawa. Ndiyo maana sisemi tuvae wote, siku zote. Nasema mgonjwa, mwenye mafua au kikohozi, siku zile chache, akiwa kati ya watu na hawezi kubaki nyumbani. Na tuseme kweli, wengi wetu hatuwezi kubaki. Asiyekwenda kazini halipwi. Huyo hasa ndiye anayehitaji njia ya kutoka bila kuwadhuru wenzake.

Kama tunataka utamaduni wetu, tunao. Hatuingii kwa mtu bila hodi. Tunavua viatu mlangoni ili tusimchafulie mwenzetu mkeka. Hakuna anayesema kupiga hodi ni woga, au kuvua viatu ni imani haba. Mtu anayejali mkeka wa jirani anashindwaje kujali mapafu yake?

Kwa hiyo, wasomaji na waandishi wenzangu, nina maombi mawili. Mosi, mwacheni mnafiki avae ngozi ya kondoo aliyoizoea. Barakoa waachieni wagonjwa. Andikeni mhusika mmoja, mmoja tu, anayeivaa kwa sababu anakohoa, na hadithi isimgeuze mwizi ukurasa wa mwisho. Pili, kwenye uzinduzi ujao wa kitabu, pale mezani penye daftari la mahudhurio, wekeni boksi la barakoa. Atakayechukua asiulizwe kitu. Asogezewe kiti, akae, asikilize kama wengine.