Je, Mwanafunzi Bora Atuzwe kwa Pesa?

Siku ya kutoa zawadi inapofika katika shule nyingi za hapa Kisii na Nyamira, mambo huwa ni yale yale. Mgeni wa heshima hufika amechelewa, wazazi wamekaa juani, kisha majina matatu ya kwanza katika kila kidato yanasomwa na bahasha zinatolewa. Ndani ya bahasha mna pesa. Sisi wengine kazi yetu ni kupiga makofi ya kilo.

Sipingi pesa. Nasema mapema kwa sababu ukianza kuzungumzia jambo hili darasani, watu hudhani una wivu. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete, na kusema kweli bahasha yenye shilingi 2,000 kwa mtoto wa mkulima si mchezo. Ninachouliza ni hiki: tunavika chanda gani?

Hebu tutazame majani chai, maana hayo kila mtu huku anayajua. Mwaka wa hesabu ukiisha, viwanda kama Kebirigo na Nyansiongo hulipa wakulima bonasi. Bonasi huhesabiwa kwa kilo. Mwenye ekari tatu hupata nyingi, mwenye robo ekari hupata kidogo, na mashamba yetu yamegawanywa mpaka wengine wamebaki na mistari tu. Hiyo ni biashara, wala hakuna anayesema kwamba wa ekari tatu ndiye mwenye bidii kuliko wote. Lakini shuleni tunasema! Anayekaa karibu na shule, nyumbani kuna stima, hadaiwi hata senti, anashindanishwa na yule anayetembea kilomita sita, na akifika nyumbani achote maji na kukamua ng'ombe kabla hajafungua kitabu. Wote wanapimwa kwa mtihani mmoja na bahasha inamwendea wa kwanza. Basi hiyo ni bonasi ya shamba kubwa.

Katika darasa letu kuna mmoja ambaye muhula wa kwanza wa kidato cha pili alipata D. Kila mara alikuwa akitumwa nyumbani kuleta pesa za chakula cha mchana. (Elimu ya sekondari za kutwa ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2008, lakini githeri si ya bure, jameni.) Mwisho wa mwaka alikuwa na C+. Hizo ni gredi nne amepanda, tena akisomea koroboi. Darasani alikuwa wa kumi na tisa, kwa hivyo jina lake halikusomwa. Wa kwanza alikuwa na A- mwaka mzima, hakupanda wala hakushuka, akaitwa mbele. Huyo wa kwanza ni rafiki yangu na atayasoma haya, asinikasirikie. Lakini kazi kubwa mwaka ule aliifanya yule wa kumi na tisa.

Kuna wanaosema pesa zitaharibu watoto, eti tusome kwa kupenda elimu tu. Hapo sikubaliani nao. Mwaka 2001 na 2002 huko Busia, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa kwamba asilimia 15 watakaoongoza kwenye mtihani watapewa shilingi 1,000 kwa mwaka za sare na vifaa vya shule, na 500 nyingine zipelekwe shuleni za karo. Watafiti Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walipopima, waliona alama za wasichana zimepanda, hata za wale ambao hawakutazamiwa kushinda. Walimu nao wakawa hawakosi kazini ovyo. Tazama lakini: hawakuwa washindi watatu tu, na pesa zilikuwa na kazi yake.

Jambo linalonitia hofu ni lingine. Gredi ikishakuwa na bei, kuna watakaoitafuta kwa mwakenya. Katika KCSE ya 2015 gredi za A zilizidi 2,600. Mwaka uliofuata, Dkt. Fred Matiang'i wa huku kwetu Nyamira akiwa Waziri wa Elimu, wizi wa mtihani ulibanwa na A zikawa 141 nchi nzima. Na uchungu wa kushukiwa tunaujua. Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa Januari 2023, shule za Kisii na Nyamira zilifanya vizuri mpaka kamati ya Bunge ikaanza kuuliza maswali, na hata aliyesoma kwa jasho lake akatazamwa kama mwizi. Sasa tuongeze bahasha nono juu ya A?

Ombi langu kwa walimu na wazazi ni hili. Wa kwanza apewe cheti na kamusi nzuri, tumpigie makofi hata dakika mbili. Pesa zilipie chakula cha muhula mzima cha wanafunzi watano waliopanda gredi nyingi kuliko wenzao, tena zilipwe kwa bursa moja kwa moja, mtoto asizishike. Alama zote za mwaka jana zimo ofisini. Kuhesabu nani amepanda ni kazi ya jioni moja, na mimi niko tayari kubaki baada ya masomo kusaidia.