Hatujazoea Kelele

Arusha, tunapiga kelele. Vifodi vya Ngarenaro, bodaboda zilizotobolewa ekzosi, spika za baa Sakina, gari la matangazo Barabara ya Sokoine, mkesha wa maombi mpaka alfajiri. Ukiuliza, unaambiwa tumezoea.

Hatujazoea.

Sikio huzoea. Akili haizoei. Mtoto anayesoma kwenye kelele hutumia nguvu kuisukuma sauti nje, na nguvu hiyo ndiyo aliyoihitaji kukumbuka alichosoma.

Mwaka 1975, mwanasaikolojia Arline Bronzaft alitoa matokeo ya utafiti katika shule moja ya New York iliyopakana na reli ya juu. Upande mmoja wa jengo treni zilinguruma kila dakika chache. Upande wa pili, kimya. Shule ile ile. Wakifika darasa la sita, watoto wa upande wa treni walikuwa nyuma katika kusoma kwa karibu mwaka mzima.

Mwaka mzima!

Reli ikawekewa mpira, madarasa yakawekewa dari la kufyonza sauti. Pengo likatoweka.

Sisi hatuna treni ya juu. Tuna maneno, na kwa mtu anayekariri, maneno ni mabaya kuliko ngurumo. Yeye naye anayasema yake kimoyomoyo. Ya spika yanaingia humo humo na kuyavuruga. Matangazo. Mahubiri. Muziki wa kuimbwa. Runinga ya sebuleni kwako.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kelele za darasani zisizidi desibeli 35. Watu wawili wakizungumza tu wanafika kama 60.

Tukinyamaza, Septemba darasa la saba watafanya mtihani, wataanguka, tutamlaumu mwalimu.

Kanuni za kelele zipo tangu 2015. NEMC, baraza la mazingira la taifa, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa mjini. Mwenyekiti wa mtaa unamjua. Mpelekee malalamiko, kwa maandishi.

Mwenye baa, geuza spika zitazame ndani. Kiongozi wa dini, waumini wako wamo ndani. Sauti ibaki nao. Mwalimu mkuu, darasa la mtihani lihamie upande usio na barabara. Hilo halihitaji bajeti.

Mzazi, leo mtoto akifungua daftari, zima runinga.