Kwa Nini Dereva Huwa Mwovu? Maoni Kuhusu Wahusika wa Tamthilia za Mfululizo

Katika hoteli moja ndogo ya Malaba, hatua chache kutoka mahali malori yanapopanga foleni kuingia Uganda, runinga huwashwa alfajiri na haizimwi hadi wateja wa mwisho watoke. Asubuhi ni habari. Ifikapo adhuhuri huja tamthilia za mfululizo, nyingi zikiwa marudio ya zile zilizoonyeshwa jioni iliyotangulia. Wanaozitazama pale si akina mama wa nyumbani tunaoambiwa kuwa ndio wapenzi wakuu wa vipindi hivi. Ni madereva wa malori, matingo wao, vijana wa bodaboda (neno ambalo, msomaji akumbuke, lilizaliwa mpakani huku huku) na wabadilishaji fedha wanaoingia kula ugali na omena. Nami huingia pale kila ninapotoka Alupe kwenda Malaba, na kwa kweli sifuati ugali peke yake.

Siku moja kipindi kilikuwa kimefika pale ambapo siri ya familia ya kitajiri inafichuka. Ikabainika kwamba aliyeuza siri hiyo kwa maadui ni dereva wa nyumba. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, dereva wa trela kwa mavazi na kwa uchovu, akaguna: "Sisi tena!" Watu wakacheka. Mama mwenye hoteli akamwambia, "Mzee, hebu nyamaza tuone." Lakini mzee hakunyamaza. Alinigeukia, maana alikuwa ameona vitabu vyangu mezani.

"Mwalimu, wewe unasoma mambo haya. Kwa nini dereva lazima awe mwovu?"

Nilimjibu ovyo. Nilisema jambo fulani kuhusu mgogoro na msuko, nikatumia istilahi ambazo hazikumsaidia, naye akaitikia kwa adabu na kurudi kwenye chai yake. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, ijapokuwa najua hatayasoma.

Wapo wenzetu watakaouliza tamthilia hizi zinaingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Nimewahi kuambiwa, tena na msomi ninayemheshimu, kwamba kuzichunguza ni kupoteza wino. Sikubaliani naye. Ni kweli kwamba asili yake ni ya kibiashara; katika miaka ya 1930 kampuni za sabuni za Marekani kama vile Procter & Gamble zilifadhili michezo ya redio ya mchana ili ziwauzie sabuni wanawake waliokuwa nyumbani, na ndiyo sababu hadi leo Waingereza na Wamarekani huita michezo hiyo kwa jina la sabuni. Lakini Kiswahili kiliipokea sanaa hii kwa nia nyingine. Mwaka 1987 Wakenya walipata kwa pamoja Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana kwenye redio. Ushikwapo Shikamana iliporejea hewani miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, miongoni mwa walioiandaa alikuwa Kimani Njogu, yule yule ambaye pamoja na Rocha Chimerah alituandikia Ufundishaji wa Fasihi mwaka 1999. Iwapo mhakiki wa ushairi wa kiwango hicho hakuona aibu kuandaa mchezo wa redio, sioni kwa nini sisi tuone aibu kuuchambua.

Aidha, mbinu zake si ngeni kwetu. Mtambaji wa ngano aliyekatiza hadithi pale fisi anapofungua mlango, akawaambia watoto wakalale, alijua taharuki kabla ya mtayarishaji yeyote wa runinga. Wahusika bapa nao si kosa. Sungura ni bapa na fisi ni bapa, na hakuna anayemdai fisi awe na huruma. Kwa hiyo silalamiki kwamba tamthilia zina wabaya walio wabaya tangu mwanzo hadi mwisho. Ninalouliza ni hili: ubapa huo unagawiwa nani? Fisi wa ngano hana jirani atakayeudhika. Dereva anaye, na mara nyingine jirani huyo ameketi meza ya pili akinywa chai.

Hapa ndipo inapobidi tumrudie Mkwaju. Wasomaji vijana huenda hawamjui. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mbinu yake ilitoka mbali: Miguel Sabido, mtayarishaji wa Meksiko, alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1970 kwamba tamthilia ya mapenzi inaweza kufunza iwapo wahusika watapangwa katika makundi matatu, yaani wa kuigwa, wa kuepukwa, na wa katikati wanaoyumba kabla ya kuamua. Katika Twende na Wakati, Mkwaju alikuwa wa kuepukwa. Alikuwa dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake katika vituo vya njiani, na hatimaye aliangamizwa na UKIMWI. Mkewe Tunu ndiye aliyekuwa wa katikati. Alianza akiwa mke mnyonge anayevumilia kila kitu, kisha polepole akajifunza kujisimamia, akaanza biashara yake ndogo na kuachana na Mkwaju.

Sharti nikiri kwamba kazi hii naistahi. Watafiti walipata fursa adimu ya kuipima, kwa kuwa eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, na hivyo waliweza kulilinganisha na maeneo yaliyousikia. Walipata kwamba mabadiliko ya tabia, kuanzia matumizi ya uzazi wa mpango hadi tahadhari dhidi ya UKIMWI, yalikuwa makubwa zaidi mahali mchezo uliposikika. Si riwaya nyingi za Kiswahili zinazoweza kujivunia ushahidi wa namna hiyo. Wala waandishi hawakumbuni Mkwaju kutoka hewani. Ugonjwa ulikuwa ukifuata barabara kuu, na Malaba na Busia zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Wazee wa huku hawahitaji kukumbushwa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kilichobadilisha watu ni Tunu. Mkwaju alitisha, lakini Tunu alimwonyesha msikilizaji njia ya kutoka hatua kwa hatua, pamoja na woga wake na kurudi nyuma kwake. Cha kusikitisha ni kwamba waliokuja baadaye walimrithi Mkwaju, wakamsahau Tunu. Tamthilia zetu za sasa zimejaa wabaya na wema, ilhali wa katikati, yule anayeyumba, ni nadra. Na walipomrithi Mkwaju walimrithi pamoja na lori lake. Kazi iliyokuwa hoja ya kiafya mwaka 1993 imekuwa alama ya tabia: dereva akionekana kwenye skrini, mtazamaji anajua tayari kwamba hapa pana uhaini.

Athari yake nilianza kuifikiria mwaka 2020. Katika miezi ya Mei na Juni mwaka huo foleni ya malori kuelekea Malaba ilienea kilomita nyingi kwa sababu ya kungoja vipimo vya korona, ambavyo vingine vilifanywa katika maabara ya KEMRI hapa Alupe. Madereva walilala ndani ya malori siku baada ya siku. Katika baadhi ya vituo vya biashara watu walikataa kuwauzia hata maji. Sisemi kwamba Mkwaju ndiye aliyesababisha hayo; hofu ya maradhi inajitosheleza. Lakini maneno niliyoyasikia yakisemwa juu yao, kwamba hao ndio huleta magonjwa, kwamba hao hawana nyumba, sikuona kwamba yalitungwa siku ile. Yalikuwa maneno ya mhusika aliyekwisha kuandikwa, na madereva halisi wakavishwa kama joho lililoshonewa mtu mwingine.

Ubapa mwingine hugawiwa kwa lafudhi, na huu unatuhusu sisi wa magharibi moja kwa moja. Sikiliza kipindi chochote cha Nairobi. Tajiri huzungumza Kiswahili kilichonyooka au Kiingereza. Mlinzi wa lango na msaidizi wa nyumbani huzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya, na lafudhi yenyewe ndiyo kichekesho; hata mhusika asiposema neno la kuchekesha, watu hucheka. Mteso hayumo kabisa, hata wa kuchekwa. Shangazi yangu alifanya kazi za nyumbani jijini kwa miaka mingi. Alipenda sana vipindi hivi na alicheka kuliko sisi sote, hadi watoto wa alipokuwa akifanya kazi walipoanza kumwita kwa jina la msaidizi mmoja wa runingani na kuiga anavyotamka. Baada ya hapo, alinieleza, alikuwa akienda jikoni kipindi kikianza. Hakukasirika. Alienda tu jikoni.

Mtu atanipinga kwa kunitajia Papa Shirandula, na atakuwa na haki. Marehemu Charles Bukeko, aliyezikwa katika kaunti hii hii ya Busia Julai 2020, aliigiza mlinzi mwenye lafudhi hiyo hiyo. Lakini mlinzi wake alikuwa duara. Alimficha mkewe Wilbroda kazi anayoifanya, akavaa kama mtu wa ofisini, na uongo huo mmoja ukabeba aibu yote ya mwanamume aliyekwenda jijini kutafuta hadhi akapata rungu na lango. Tulimcheka, naam, ila tulijua anachokiogopa. Waigaji wake wengi walichukua lafudhi na kofia na kuiacha hofu.

Niseme kidogo kuhusu tamthilia zilizofuata, hasa Maria (2019–2021), Zora na Sultana zilizoonyeshwa na Citizen. Maria, iliyotoka mikononi mwa Rashid Abdalla na Lulu Hassan, wasomaji habari wa Kiswahili, imeifanyia lugha jambo ambalo warsha zetu hazijaweza: imewafanya vijana wabishane kila jioni kuhusu hadithi iliyosimuliwa kwa Kiswahili, wakati ambapo nafasi hiyo ilikuwa imetawaliwa na tamthilia za Meksiko zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Kwa hilo nazipongeza bila masharti. Msuko wake ndio unaonitatiza. Maria ni msichana wa mtaa wa mabanda anayejipata katika nyumba ya kitajiri, na hatima yake inaamuliwa zaidi na nani ndani ya nyumba hiyo atampenda au kumchukia. Mwaka 1969 nchi ya Peru ilikuwa na María wake, katika Simplemente María, mama wa telenovela nyingi. Yeye pia alikuwa msichana maskini aliyefika jijini kufanya kazi za nyumbani. Lakini yule alijifunza kusoma na kushona, na kilichomwinua ni cherehani. Inasimuliwa kwamba mauzo ya cherehani za Singer yalipanda kila mahali kipindi kilipoonyeshwa. Ni tamthilia hiyo iliyompa Sabido wazo lake. Tangu María wa cherehani hadi Maria wetu ni miaka 50, nami nashindwa kusema tumesonga mbele. Hata mashabiki wa Maria niliowauliza wanakumbuka kila busu, lakini hawakumbuki kazi.

Najua jibu la watayarishaji: watazamaji wanataka majumba ya kifahari, hawataki kuona foleni waliyoiacha nje. Pengine. Ila hakuna aliyewahi kuwapa foleni hiyo ili tujue wataikataa. Chukueni siku tatu za dereva mmoja Malaba. Stakabadhi za mzigo zimekosewa tarakimu moja. Simu ya mkewe inalia, naye hana la kumwambia. Tingo wake ni kijana kutoka Tororo anayetaka kujifunza kuendesha, na mwenye lori hataki. Mama wa hoteli anawakopesha chakula, akiandika kwenye daftari. Lugha inabadilika kati ya Kiswahili, Kiteso, Kiluhya na Kiganda kulingana na anayeombwa msaada. Hapo pana vipindi 20 bila bunduki hata moja, na bila mirathi iliyofichwa. Na dereva wa namna hiyo anaweza kuwa mwovu akitaka. Madereva waovu wapo, kama walivyo wahadhiri waovu. Ninachodai ni kwamba apewe nafasi ya kuyumba kwanza, kama Tunu alivyopewa.

Hilo ndilo ningemjibu yule mzee. Nilirudi Malaba wiki iliyofuata nikitumaini kumkuta, lakini lori lake lilikuwa limekwisha kuvuka. Nikamuuliza mama mwenye hoteli kipindi kiliishaje, kwani nilikuwa nimepitwa na siku kadhaa. Akanieleza habari zote: nani ameolewa, nani amefungwa, nani ametambuliwa na babake.

"Na dereva je, mama?"

Akafikiri, sahani mkononi.

"Huyo hawakumrudia tena, mwanangu. Walimwacha tu."