Mlango wa nje uoane na nyumba, si na mlango wa jirani

Anayesafiri kwa barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa hufika Malili baada ya kilomita zipatazo 60. Zamani hapakuwa na mengi ya kumfanya msafiri apunguze mwendo, isipokuwa malisho ya ng'ombe, migunga ya hapa na pale na upepo wa uwandani. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 2009, serikali iliponunua ekari 5,000 za shamba la mifugo la Malili ili ijenge mji wa teknolojia wa Konza. Hayati Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi huo Januari 2013. Tangu hapo familia nyingi za mjini zimenunua viwanja katika sehemu hizo na kujenga, wengine nyumba za kupangisha, wengine makao ya uzeeni.

Ukizitazama nyumba mpya za sehemu kama hizi utaona jambo moja. Kuta hazifanani, mapaa hayafanani, lakini milango ya mbele mara nyingi ni kana kwamba imezaliwa na mama mmoja. Ni ule mlango wa chuma unaonunuliwa tayari, uliopakwa rangi ya kuigiza mbao, wenye maua ya dhahabu na kishikio kirefu. Utaukuta kwenye nyumba ya ghorofa, na utaukuta pia kwenye kijumba cha vyumba viwili cha matofali ya kuchoma, ambako huonekana kama mgeni aliyekosea harusi.

Mlango huo una mahali pake, na tutaufikia. Shida ni kwamba mlango wa nje hununuliwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha na familia ikiwa imechoka kulipa kodi mjini. Kwa hiyo watu huchukua wa kwanza wanaouona. Juma hili basi tuangalie namna ya kuchagua mlango wa nje ambao utaipendeza nyumba, utastahimili hali ya mahali, na utawalinda waliomo ndani.

Nyumba ndiyo ichague

Watu wa pwani walilijua jambo hili kitambo. Nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ukaitazame ile milango mizito ya nakshi. Ina mbao mbili zinazokutana katikati, mfaa uliosimama kati yake, na fremu pana iliyochongwa. Katika milango ya Zanzibar, kizingiti cha juu kilichonyooka huhusishwa na mtindo wa Waarabu wa Omani, na chenye tao huhusishwa na mafundi wa Kihindi. Uzito wote huo hauonekani mzigo kwa sababu kuta zenyewe ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Mlango na ukuta vinalingana kwa kimo. Uchukue mlango kama huo uutie kwenye ukuta mwembamba wa mawe ya kuchonga kule Malili, na utakuwa umemvika mtoto kanzu ya babu yake.

Kabla ya kwenda dukani, basi, simama mbele ya nyumba yako kwa umbali wa hatua ishirini hivi. Jiulize: mistari ya nyumba hii inalala au inasimama? Paa ni la mgongo au ni bapa? Madirisha yana vioo vikubwa au vidogo vidogo?

Nyumba ya chini ya mawe ya kuchonga, yenye paa la mgongo la mabati au vigae, hupendeza kwa mlango wa mbao wa paneli. Paneli nne au sita zatosha. Ikiwa madirisha yamegawanywa vioo vidogo, paneli nazo zifuate vipimo hivyo, na jicho litatulia lenyewe.

Nyumba ya matofali ya kuchoma tayari ina rangi na mistari mingi. Hiyo huhitaji mlango mtulivu: mbao zilizosimama wima, zilizounganishwa kwa ulimi na mfereji, zikiwa zimepakwa vanishi au rangi moja iliyokolea. Maua ya dhahabu hapo ni kelele juu ya kelele.

Ile nyumba ya kisasa yenye paa bapa na kuta nyeupe ndiyo inayopatana na mlango wa chuma ulio laini, usio na mapambo, au wa mbao pana zenye kioo chembamba kilichosimama pembeni. Nazo nyumba za kupangisha, ambazo wapangaji huingia na kutoka kila mwaka, zatosha kwa mlango wa chuma uliochomelewa na fundi wa jua kali, mradi bati liwe zito.

Ukipenda nakshi, huna haja ya kuitoa mbali. Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos, ndiko ulikoshika mizizi uchongaji wa Wakamba, na Mutisya Munge ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wake baada ya kujifunza ufundi huo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Paneli moja iliyochongwa na mkono, ikiwekwa kati ya paneli tupu, husema zaidi ya mlango mzima uliojaa maua ya kiwandani.

Jua, upepo, udongo na mchwa

Malili haina huruma kwa mlango. Mchana jua ni kali, usiku hasa mwezi wa Juni na Julai baridi huuma, na upepo hubeba vumbi kutoka uwandani. Mbao hutanuka na kujikunyata. Mlango unaoelekea magharibi hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima, na ile rangi ya kuigiza mbao kwenye chuma hupauka upesi. Bati jeusi nalo hupata joto hata mkono wa mtoto ukaungua. Dawa ya kwanza ni kibaraza: paa dogo lililotokeza mita moja au zaidi mbele ya mlango hulinda kuliko mikebe mitatu ya vanishi.

Mlango wa plaiwudi, ule ulio bapa na mwepesi unaotumiwa vyumbani, usiuweke nje kamwe. Mvua ya vuli moja yatosha kuuvimbisha na kuubandua.

Kuhusu mbao, uliza habari za mukau. Huu ni mti wa nchi kavu unaofahamika sana Ukambani, na mbao zake zinasifika kwa kutoliwa na mchwa ovyo. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imefanya kazi kubwa Kitui ya kutafuta mbegu bora za mti huo, na wakulima wengi wa Kitui na Makueni wameupanda. Mti ulioinuka katika ukame ule ule unafaa kulinda nyumba iliyomo humo. Ila mbao ziwe zimekauka barabara. Mbao mbichi ikifungwa leo itapinda kesho, na fundi hatakuwapo.

Adui mwingine ni udongo. Sehemu nyingi za nyanda hizi zina udongo mweusi ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi usipochimbwa mpaka chini yake, nyumba husogea, fremu huenda upande, na mlango hukwama kila mvua inaponyesha. Wengi humwita seremala apige randa. Ukiona ufa umetoka kwenye pembe ya juu ya mlango ukapanda ukutani, usimwite seremala. Mwite mjenzi, kwa kuwa mgonjwa ni msingi.

Mlango wa kuingilia ndio wa kutokea

Sasa tufikie lililo zito. Hofu ya wezi imetufundisha kuweka mlango, kisha grili ya chuma, kisha kufuli kwa ndani, na ufunguo kufichwa chini ya mto wa baba. Madirisha nayo yana vyuma. Mwizi hawezi kuingia, ni kweli. Lakini moto ukizuka saa nane za usiku, stima ikapotea na moshi ukajaa, nani ataupata ufunguo huo? Nani ataupata ikiwa baba yuko safarini na nyumbani wamebaki watoto na msichana wa kazi?

Kitasa cha mlango wa nje kiwe kinafunguka kwa ndani kwa kuzungushwa na mkono, bila ufunguo. Ikiwa una kioo kwenye mlango, kiwekwe mbali na kitasa ili mtu wa nje asiweze kukivunja na kupenyeza mkono. Grili ikihitajika, iwe na komeo la ndani badala ya kufuli. Ikiwa kufuli haliepukiki, ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana na wote, karibu na mlango ila mbali na dirisha.

Halafu fanyeni jaribio. Jioni moja zimeni taa zote, mmwambie mtoto mdogo afikaye kitasani awafungulie wote watoke nje. Akishindwa, mlango huo haujafaa, hata kama uligharimu mshahara wa miezi mitatu.

Wakumbuke wazazi pia, kwa maana nyumba nyingi za Malili zinajengwa ili wazee wapumzike. Upana wa sentimita 90 ndio wa chini kabisa kwa mlango wa mbele, ili kiti cha magurudumu kipite, na makochi pia. Kizingiti cha chini kisiwe cha kumkwaza bibi. Kishikio cha kusukuma chini ni rahisi kwa vidole vyenye baridi yabisi kuliko kile cha mviringo cha kupotoa.

Usiusahau mlango wa jikoni. Huo ndio hutumika zaidi ya wote, na ndio hununuliwa kwa mabaki ya fedha. Ukate vipande viwili katikati: cha juu kikifunguliwa, moshi hutoka na mama huona ua, cha chini kikifungwa, kuku hawaingii na mtoto atambaaye hatoki. Usiku vipande viwili vifungwe kila kimoja kwa komeo lake.

Siku ya kununua

Dukani utasikia maneno matamu. "Mama, chukua huu, ndio unaoenda sana siku hizi." Mjibu kwa upole: "Mwanangu, mimi natafuta utakaokaa."

Beba vipimo vyako. Pima upana wa nafasi mahali patatu, juu, katikati na chini, kisha pima mshazari kutoka pembe hadi pembe. Mishazari miwili isipolingana, nafasi yenyewe imekwenda upande, na mlango wa kununuliwa tayari hautaingia bila kuvunja ukuta. Usipime kabla vigae vya sakafuni havijawekwa, usije ukalazimika kuukata mlango kwa chini.

Kwa mlango wa chuma, uliza geji ya bati. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 16 ni nzito kuliko 18. Ugonge kwa kidole. Milango mingi ya tayari ina karatasi ndani zilizokunjwa mfano wa sega la nyuki, na sauti itakueleza. Uliza pia kama funguo zake zinaweza kuchongwa upya hapa nchini, na kama kitasa kikiharibika kingine kitapatikana. Kwa mlango wa mbao, hesabu bawaba: mlango mzito wahitaji tatu. Tazama kingo za juu na za chini, ambako fundi mvivu hakupaka rangi. Humo ndimo maji huingilia.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaosomea ujenzi au useremala, chukueni daftari mtembee mtaa mmoja wa kwenu. Choreni milango kumi pamoja na nyumba zake, mwandike ni upi unaopatana na nyumba yake na kwa nini. Mtajifunza mengi kwa alasiri moja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ikiwa fedha hazitoshi mwaka huu, weka mlango wa mbao ulio sahili na imara, wenye kitasa kizuri, na nakshi zije baadaye. Paneli huongezwa na rangi hubadilishwa, lakini usiku wa dharura familia itakuwa na mlango ule ule mmoja, nao lazima ufunguke.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutaangalia madirisha ya nyumba za nchi kavu. Hadi hapo, kwaheri ya kuonana.