Nani Kasema Msumeno ni wa Waliofeli?

Ndugu zangu, leo naomba niwachokoze kidogo.

Hivi kwa nini msomi wa Tanzania akionekana ameshika msumeno watu wanaanza kuuliza kama kibarua kimeota nyasi? Akishika rimoti ya televisheni Jumamosi nzima hakuna anayeuliza kitu. Akikaa baa tangu saa nane mchana mpaka usiku wa manane, huyo "anapumzika". Lakini akikaa uani na kipande cha mninga, anakata umbo la jani au jina la mwanawe, ndugu wananong'ona: jamaa kafulia.

Nazungumzia msumeno wa nakshi. Kwa asiyeufahamu, ni ule wenye bledi nyembamba sana, unaopita kwenye kona ambazo msumeno wa kawaida haufiki. Upo wa mkono, wenye fremu ndefu iliyopinda kama herufi U. Upo pia wa umeme, ambao bledi inapanda na kushuka mahali pamoja huku wewe ukisogeza mbao. Huko Ulaya na Marekani unamkuta mhasibu au mwalimu mstaafu anao gereji kwake, anautumia kujifurahisha tu. Kwetu sisi eti hiyo ni kazi ya waliofeli.

Mfano wangu ni Handeni na Korogwe. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 65 tu, na sehemu zote mbili mbao si kitu kigeni. Handeni ina mapori ya mninga na mpingo. Korogwe iko chini ya milima ya Usambara, na ndani ya wilaya hiyo, pale Mkumbara, ndipo kilipojengwa kiwanda cha Tembo Chipboards. Kwa majirani zao wa Muheza kuna shamba la misaji la Longuza. Sasa ingia karakana yoyote ya vitanda Chanika au Manundu, kisha usitazame vitanda, tazama chini. Utaona vipande vya mbao ngumu, vingine urefu wa kiganja, vingine urefu wa mkono, vinasubiri kwenda jikoni.

Mama lishe anayevipikia hana kosa hata kidogo. Wenye kosa ni sisi. Tunavipita vipande vile, tunapanda basi hadi Dar, tunaingia Kariakoo kununua pambo la ukutani la plastiki iliyopakwa rangi ili ifanane na mbao. Loh! Mpingo huweza kuchukua miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kuvunwa. Sisi masalia yake tunayaona takataka, halafu tunatoa pesa kununua mbao ya uongo.

Nikisema haya jamaa zangu wana majibu matatu. Nitayachukua moja moja.

La kwanza: huo ni utamaduni wa Wazungu. Kweli? Nenda Unguja, simama mbele ya lile jengo la Zahanati ya Zamani pale Barabara ya Mizingani karibu na bandari. Ujenzi ulianza 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ukakamilika 1894. Tazama baraza zake za ghorofani, mbao zilivyotobolewa na kukatwa nakshi. Pwani yetu imeishi na nakshi za mbao kabla babu zetu hawajaijua televisheni. Kilicho kigeni hapa ni dharau yetu.

La pili: mashine ni ghali na umeme unakatika. Sawa bwana, nani kakwambia uanze na mashine? Anza na msumeno wa mkono. Chukua kipande cha ubao, kikate mdomo wa umbo la V, kibane ukingoni mwa meza kwa klempu. Hapo ndipo utakapolaza kazi yako na kukatia. Funga bledi meno yakitazama chini, upande wa mpini, ili ikate unapovuta. Ikaze mpaka ukiigusa kwa ukucha ilie kama uzi wa gitaa. Ikilegea itakupeleka inakotaka yenyewe.

Usikimbilie mpingo siku ya kwanza, utamaliza bledi zote. Anza na plaiwudi ya milimita 3 hadi 6, kisha upande taratibu. Angalia meno: unene wa mbao uwe unagusa walau meno matatu kwa wakati mmoja, la sivyo bledi itanasa na kukatika. Mbao nyembamba inataka meno madogo, nene inataka makubwa. Mchoro usiugandishe kwenye mbao moja kwa moja. Tanguliza ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, gundisha mchoro juu yake, ukimaliza unabandua bila kukwangua.

Matundu ya ndani kwanza, ukingo wa nje mwisho, kwa sababu ukianza na nje hutakuwa na mahali pa kushika. Kila tundu litoboe kwa drili, ingiza bledi, ifunge tena, kata. Ukifika kwenye kona kali usilazimishe. Endelea kupandisha na kushusha msumeno palepale huku ukigeuza mbao pole pole mpaka bledi itazame njia mpya. Na uvae barakoa. Vumbi la mbao si la kuchezea, hasa mvule na mpingo, linawasumbua wengi ngozi na kifua.

Nimemaliza. Hakuna Chuo Kikuu hapo, wala jenereta.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: haina pesa. Vijana wa mjini tumefika mahali kila kitu lazima kiwe mradi. Ukifuga kuku wawili unaulizwa soko liko wapi. Ukipika vizuri unaambiwa ufungue mgahawa. Hivi hatuwezi kufanya jambo kwa kuwa linatupa raha na linatufundisha kitu? Faida ipo, ila si ya kuhesabu kwenye kikokotoo. Mtu aliyehangaika saa nzima kukata duara moja la mninga, likatoka limepinda kama yai, hawezi tena kwenda kwa fundi seremala akamwambia "kitanda chenyewe mbao tu, punguza nusu". Atajua nusu hiyo ni mgongo wa nani. Na hawezi kutazama gogo la mninga likigeuzwa mkaa akasema ni kuni tu.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tangu shuleni tumefundishwa kwamba mikono ni adhabu. Ukichelewa namba, jembe. Ukipiga kelele darasani, fyekeo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakukusudia hivyo. Sasa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali sekondari, na baadhi ya wasomi wenzangu wanaupigia makofi. Waulize kama wako tayari kumpeleka mtoto wao wenyewe, uone watakavyobadilisha mazungumzo. Mtoto atauheshimu vipi msumeno kama hajawahi kumwona baba au mama yake mwenye digrii akiushika kwa hiari?

Kwa hiyo ukipita Korogwe au Handeni, simama kwenye karakana. Mwamkie fundi, mwombe vipande alivyovitenga, na umlipe, usijifanye unamsaidia kufagia. Usirubuniwe na mbao za mlango wa nyuma. Mazao ya misitu yana vibali vyake, na mbao za kusafirisha zina hati yake, ukishikwa bila hati usinitaje. Mfuko mmoja wa masalia ya halali unatosha miezi kadhaa.

Halafu Jumamosi kaa uani, mlango wazi, majirani wakuone. Wakinong'ona waache wanong'one. Watoto wao watakuja wenyewe kuuliza unafanya nini, na hao ndio ninaowataka.

Naomba kuwasilisha.