Mwanamke Si Mwanamume Mdogo

Kabla gari halijauzwa, watengenezaji hulibamiza ukutani likiwa na sanamu ndani yake, ili wapime jinsi binadamu atakavyoumia. Jambo hilo ni jema. Lakini binadamu huyo ni nani? Sanamu iliyotumika zaidi duniani, iliyobuniwa Marekani mwaka 1976, ni mwanamume wa wastani mwenye kilo 78 hivi. Ile iitwayo ya kike ilikuja baadaye, nayo ni ya kiume iliyopunguzwa hadi kilo 49 hivi. Kana kwamba shingo na nyonga za mwanamke ni za mwanamume aliyesinyaa!

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha kwamba, gari linapogonga kwa mbele, uwezekano wa mwanamke aliyefunga mkanda kuumia vibaya unazidi wa mwanamume kwa asilimia 73. Wala haifai kusingizia ugumu wa kazi: mwaka 2022 wahandisi wa Sweden, wakiongozwa na Bi. Astrid Linder, walitoa sanamu ya mwanamke wa wastani kwa majaribio ya gari kugongwa nyuma.

Waalimu na wauguzi wetu wanapanda magari yaliyobuniwa ng'ambo. Idara zinazoagiza magari ya umma hazina budi kumwuliza muuzaji yalipimwa kwa mwili wa nani.